Kutembea inchi ya mutoto mbele ya kumupokea

Kuna ulizo lenye linarudi kila mara tunapoongea juu ya wageni wenye wanakuja kupokea mutoto huku kwetu, ao juu ya ndugu zetu wa Ulaya wenye wanarudi kuchukua mutoto wa familia. Mutu anauliza: mutoto anangojea, na wao wanaenda kwanza kuangalia maporomoko ya maji na nyama za pori? Huo ni moyo gani? Ulizo ni la haki. Mutu mwenye alingojea mutoto miaka mingi tungefikiri atatoka kwenye ndege na kukimbia moja kwa moja mupaka kwenye mulango wa kituo.

Lakini sivyo inakuwa, na si kwa ubaya wa moyo kila mara. Tuanze mbali kidogo, kule China, kwa sababu kule desturi hii ilifanywa na familia nyingi sana.

China ilifungulia wageni mulango wa adopsio kwa sheria yenye ilianza kutumika mwaka 1992. Mupaka mulango huo ulipofungwa, Marekani peke yake ilikuwa imepokea watoto zaidi ya 82,000. Safari ilikuwa na njia yake yenye kujulikana, karibu kama njia ya kwenda kusali Noeli. Familia inafika Beijing. Siku mbili ao tatu inatembea: Ukuta Mukubwa, jumba la wafalme wa zamani, masoko. Kisha inapanda ndege ingine mupaka muji mukubwa wa jimbo lenye mutoto alikuwa anaishi. Pale, ndani ya ofisi ya leta ao chumba cha hoteli, watumishi wa kituo wanaingia na watoto mikononi, wanasoma majina, na dakika ileile mutoto anapita kutoka mukono mumoja kwenda mukono mwingine. Mwisho ni Guangzhou, ambako konsula ya Marekani inatoa viza. Familia nyingi zililala kwenye hoteli ya White Swan, juu ya kisiwa cha Shamian, na ikawa desturi kuketisha watoto wote wapya juu ya kiti kirefu chekundu cha hoteli na kuwapiga picha pamoja. Picha hizo ziko mingi sana. Karibu katika kila moja kuna mutoto mwenye analia.

Sasa, juu ya nini kutembea kwanza? Sababu ya kwanza ni mwili tu. Kati ya New York na Beijing kuna tofauti ya saa 12 ao 13: usiku wako unakuwa muchana. Muzazi mwenye hajalala siku mbili hawezi kubeba mutoto mwenye hamujui, mwenye hataki kula, mwenye anapiga kelele usiku muzima. Wamama wenye walitoka maternité na kusikia uchovu ule wanaelewa bila mimi kuongeza neno.

Sababu ya pili ni watoto wa kwanza wa nyumba, kama wako. Fikiria mutoto wa miaka 8 mwenye alizoea kuwa peke yake na mama yake. Anapanda ndege safari ndefu, na kabla hajapumuzika wanamuambia: huyu ndiye mudogo wako. Sisi wenye tulizaa wengi tunajua wivu wa mutoto mwenye aliachishwa ziwa ghafula juu mwingine amefika. Zile siku mbili za kupanda ukuta, kucheka, kula vyakula visivyojulikana, zinamupa huyo mukubwa kitu chake: wazazi wake bado ni wake. Na siku mudogo atauliza, "inchi yangu iko namna gani?", huyo kaka ao dada atakuwa na kitu cha kumuambia, kwa sababu alikanyaga pale na miguu yake mwenyewe.

Sababu ya tatu ndiyo mimi naona ni ya maana kupita zote, na ni yenye watu wanasahau. Nyuma ya mutoto kufika, hakuna kutembea tena. Kwa muzazi siku ile ni sikukuu. Kwa mutoto ni kitu kingine kabisa: siku moja amepoteza mama mulezi mwenye alimuosha kila asubuyi, harufu ya kitanda chake, wimbo wa kulala, luga yenye anasikia. Watoto wamoja wanalia siku tatu. Wamoja hawalii hata kidogo, wanalala tu, wanalala, na huo usingizi si wa kushiba. Kumukokota mutoto wa namna hii ndani ya makumbusho na masoko ni kumuongezea muzigo. Basi kama unataka kuona inchi, uione mbele. Kisha ufunge mulango wa chumba, ukae chini na mutoto, polepole.

Kwa hiyo sitahukumu familia juu ya siku mbili za kutembea. Ninauliza tu: wanaona nini? Ukuta Mukubwa ni muzuri, lakini mutoto hakuzaliwa juu ya ukuta. Alizaliwa ndani ya muji fulani, njia fulani, soko fulani lenye mama mumoja alipita akiwa na mimba. Familia zenye ziliomba kuonyeshwa fasi mutoto aliokotwa, ao kuongea na mulezi wake na kuandika kila neno, zilirudi na mali kubwa kupita picha zote za watalii. Wamoja walikatazwa. Wengi hawakuuliza.

Ethiopia ilikuwa na namna yake. Tangu 2010, familia za Marekani zilipaswa kwenda mara mbili: safari ya kwanza kusimama mbele ya tribinali Addis Abeba, kisha kurudi kwao bila mutoto, na safari ya pili kwenda kumuchukua viza ikiwa tayari. Ni kusema unamuona mutoto, unamubeba, anaanza kuzoea sauti yako, halafu unamurudisha mikononi mwa wengine na kupanda ndege. Sina neno la kupima hilo. Mwezi wa kwanza 2018 bunge la Ethiopia lilikataza kabisa watoto kutoka kwa adopsio ya wageni. China nayo ilitangaza mwisho Mwezi wa Tisa 2024, isipokuwa kwa wageni wenye wanapokea mutoto wa ndugu wa damu ao wa kambo. Familia zenye zilikuwa tayari na picha na jina la mutoto zilibaki na ile picha.

Turudi sasa kwetu, kwa sababu Kongo nayo ilifunga mulango, na ilifunga watu wakiwa tayari ndani ya nyumba.

Tarehe 25 Mwezi wa Tisa 2013, DGM, ndiyo ofisi yetu ya uhamiaji, ilisimamisha ruhusa ya kutoka inchini kwa watoto wenye walipokelewa na wageni. Leta ilisema kuna habari za watoto wetu wenye walitendewa mubaya kule walienda, ao kuachwa, ao kupitishwa kwa familia ingine kama nguo yenye haimutoshi mutu. Sasa angalia shida: tribinali zilikuwa zimekwisha kutoa hukumu. Kwa karatasi, mutoto alikuwa tayari mwana wa mutu wa Italia, wa Ufaransa, wa Ubeligiji, wa Kanada, wa Marekani. Kwa mwili, alikuwa bado Kinshasa ao Lubumbashi, na bila ile ruhusa hawezi kupita kwenye uwanja wa ndege.

Kati ya wenye walipatwa na hilo kulikuwa familia 24 za Italia. Zilifika Kinshasa mwisho wa 2013, zikiamini ni safari ya siku chache. Zilikutana na watoto, zikaishi nao, zikangojea. Majuma yakapita, Noeli ikapita, viza zikafikia mwisho, na wazazi wakarudi kwao mikono mitupu. Ilihitaji serikali kuongea na serikali. Mwezi wa Tano 2014, ndege ya serikali ya Italia ilichukua watoto 31 kutoka Kinshasa mupaka Roma, waziri Maria Elena Boschi akiwa pamoja nao. Hao ndio walikuwa na bahati. Mamia ya watoto wengine walibaki. Ruhusa zilianza kutolewa kwa mafungu tu mwisho wa 2015, na fungu kubwa likafuata mwanzo wa 2016. Mutoto mwenye alikuwa anatambaa hukumu ilipotolewa alipanda ndege akiwa anakimbia na kuongea Lingala safi.

Katika miaka hiyo, wazazi wamoja waliacha kazi yao na kuhamia Kinshasa ili wakae na mutoto. Hapo ndipo maana ya kutembea inchi inabadilika. Mutu mwenye anakaa miezi haendi tena kuangalia bonobo pale Lola ya Bonobo ao maporomoko ya Zongo kama mugeni wa juma moja. Anajua bei ya makala ikipanda. Anajua umeme ukikatika unafanya nini na chakula cha mutoto. Anajua kuamkia bibi mwenye anauzisha mikate kwenye kona. Kwa maoni yangu, kama kuna wazungu wenye walijifunza Kongo ya mutoto wao, ni hao, hata kama walijifunza kwa machungu.

Sasa tufike kwenye neno zito. Kufungwa kwa mulango kulileta machozi, lakini mulango ulikuwa na sababu ya kufungwa, na sababu hiyo ilionekana wazi nyuma ya wakati.

Katika mwaka 2017, parkè ya federali ya Ubeligiji ilitangaza uchunguzi juu ya watoto wenye walitoka Kongo na kupewa familia za Ubeligiji kama mayatima. Vipimo vya ADN vilionyesha kwamba watoto wamoja kati yao hawakuwa mayatima hata kidogo. Baba na mama zao walikuwa hai, upande wa Gemena, kule jimbo la Sud-Ubangi. Na sikilizeni namna watoto walitoka nyumbani: wazazi waliambiwa watoto wanaenda kutembea. Likizo Kinshasa. Colonie de vacances, wataona muji mukubwa, kisha watarudi masomo yakianza. Muzazi gani wa kijiji angekatalia mutoto bahati hiyo? Watoto walifika Kinshasa, wakaingizwa ndani ya kituo, karatasi zikaandikwa upya, na wakaenda Ulaya.

 Familia moja ya Ubeligiji inapokea mutoto kwa moyo safi, bila kujua. Na mutoto mwenyewe alikuwa ametolewa kwao "kutembea". Wazazi wa Gemena walingojea likizo iishe. Wazazi wa Ubeligiji nao walidanganywa, tuseme ukweli. Waliamini karatasi zenye mihuri. Lakini kati ya wote wawili, ni mama wa Gemena mwenye hakuulizwa.

Ninaandika hili hapa Likasi kwa sababu hatuko mbali nalo kama tunavyofikiri. Sisi wote tunalea watoto wa wengine. Mutoto wa dada yako mwenye alikufa, mutoto wa kaka mwenye kazi ya mine imemupeleka Kolwezi, musichana mwenye alitumwa kutoka kijiji ili asome Kikula ao Panda: hakuna karatasi, kuna ujamaa. Ni desturi nzuri na sitaisema mubaya. Lakini mutu mwenye nia ingine anaweza kuingia kupitia mulango uleule. Akikuambia, "mama, nipe mutoto, ataenda kusoma Ulaya, atarudi mukubwa na diplome, atakusaidia", masikio yako yanasikia ujamaa. Karatasi yenye anakuletea kutia kidole inaweza kusema kitu kingine.

Hapa kuna tofauti ya sheria yenye kila mama anapaswa kujua. Sheria ya familia ya Kongo, ile ya 1987 yenye ilibadilishwa 2016, inamufanya mutoto wa adopsio kuwa mutoto kamili wa muzazi mupya, lakini haikati uhusiano wake na familia yenye alitoka. Hiyo inafanana na namna sisi wenyewe tunaelewa mambo: mutoto anaongeza wazazi, hapotezi. Lakini Ufaransa na Ubeligiji ziko na adopsio yenye inaitwa plénière, na hiyo inakata. Jina la kwanza la familia linaondolewa, mbele ya sheria yao wewe si mama tena, na hakuna mutu mwenye analazimishwa kukutumia hata picha. Mama anasema "ndiyo" kwa sheria ya hapa, na ile "ndiyo" inatumika kule kwa maana ingine.

Mapatano ya La Haye ya tarehe 29 Mwezi wa Tano 1993 yanasema mambo matatu yenye yanafaa kusemwa kwa luga yetu kila mukutano. Mama hawezi kukubali kutoa mutoto mbele hajazaa. Kukubali kwake kunahesabiwa tu nyuma ya kuzaa. Hakuna feza ao zawadi yenye inaweza kununua ile "ndiyo". Na anapaswa kuelezwa matokeo yote mbele hajatia mukono, hasa kama uhusiano utakatwa ao hapana. Burundi, Rwanda, Kenya na Zambia ziliingia katika mapatano hayo. Kongo yetu haikuwa ndani wakati wa yale mambo ya 2013. Hata hivyo, sheria yetu ya kulinda mutoto, ya tarehe 10 Mwezi wa Kwanza 2009, inaweka adopsio mbele ya tribinali ya watoto. Si mbele ya avoka peke yake, si mbele ya pasta, si ndani ya salon ya mutu. Mutu akikuambia tribinali ni kupoteza wakati, mupe kiti, mupe maji, na umurudishe mutoto wako ndani ya nyumba.

Na kama familia yenye inakuja ni ya kweli, karatasi ni za kweli, mutoto kwa kweli hana mutu? Hiyo nayo iko, na hapo sisi wamama wa hapa tuko na kazi. Tusibaki mulangoni kuwachekelea na kamera zao. Tuwatembeze sisi.

Wageni watapenda waende Lubumbashi, kilometre 120, waone makumbusho ya taifa, kanisa kubwa la Watakatifu Petro na Paulo, na sokomutu wa J.A.C.K. pale kwenye zoo, wenye wanalelewa tangu 2006 nyuma ya kunyanganywa wawindaji. Vizuri. Wenye nguvu wataenda mupaka Kundelungu waone maporomoko ya Lofoi, maji yenye yanaanguka metre zaidi ya 300. Karibu zaidi kuna ziwa Tshangalele, lenye lilizaliwa wakati barrage ya Mwadingusha ilifunga maji ya Lufira. Samaki zake mutoto amezikula bila kujua zinatoka wapi. Lakini siku moja waitumie hapa, ndani ya muji huu wenye mababu zetu waliuita Jadotville kwa kulazimishwa. Waende na muguu. Waone miti ya maembe kwenye avenue, bomba la moshi la Shituru, soko asubuyi wakati wamama wanapanga lengalenga na ndagala. Wale bukari na mukono, waunguze vidole kidogo. Waulize mulezi: mutoto analala upande gani? Anaogopa nini? Ukimubeba mugongoni, unamuimbia wimbo gani? Waandike. Na tuwaombe warekodi ule wimbo ndani ya telefone kwa sauti ya mulezi mwenyewe, kwa sababu usiku wa kwanza kule Milano ao Namur hakuna kitu kingine chenye kitamutuliza.

Chama chochote cha wamama kinaweza kufanya kitabu kidogo kwa mutoto mwenye anaenda. Daftari ya makuta kidogo inatosha. Ndani: jina lake lote na mutu mwenye alimupa jina hilo, kijiji cha mama yake kama kinajulikana, na kabila, picha ya nyumba yenye alikaa, si picha ya simba, mikono ya walezi wake iliyochorwa na kalamu juu ya ukurasa, namna ya kupika sombe, maneno 20 ya Kiswahili chetu chenye anaongea, na si kile cha redio. Na adresi ya fasi yenye anaweza kuandika siku akiwa na miaka 18. Watoto wa China wenye walienda zamani ni watu wakubwa leo, na wengi wanarudi kutafuta. Wanarudi kama watalii, na kamera, wakitembea njia zenye wazazi wao wapya walitembea, wakiangalia nyuso za watu sokoni. Wenye walipewa hata jina moja tu la mulezi wako na fasi ya kuanzia.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi wote, hata mama mwenye hajafikiria adopsio maisha yake yote. Mutoto mwenye hana akti ya kuzaliwa, mutu yeyote anaweza kumuandikia jina lingine, umri mwingine, na wazazi wenye walikufa. Sheria inatupa siku 90 nyuma ya kuzaa, na ndani ya siku hizo kuandikisha ni bure. Chukua karatasi ya maternité na kitambulisho chako, enda kwenye biro ya etasivile ya komini yako, ikiwa ni Likasi, Kikula, Panda ao Shituru. Kama siku 90 zimepita, njia ingali iko kupitia tribinali. Ni ndefu kidogo, na tunaweza kwenda wengi pamoja. Wenye wako na watoto wa ndugu nyumbani bila akti, waleteni majina yao kwa sekretere wa chama mbele ya mukutano wa juma lenye linakuja, jina la baba na la mama yakiwa yameandikwa sawasawa.